Mlingoti wa Kichuguuni

Ofisi ilikuwa haina mtu, viti thelathini vimegeuzwa juu ya meza, miguu hewani, na bado simu ya Rogath ilionyesha kuwa kuna mtu anatumia intaneti.

Kifaa kimoja, hakina jina. Tena hakikuwa kinashusha picha wala nyimbo kama vifaa vya watu wenye akili zao. Kilikuwa kinatuma. Kinatuma tu, saa saba mchana, Jumapili, wakati nusu ya Ruangwa imetoka kanisani na nusu nyingine imejilaza kukwepa jua.

Rogath akacheka peke yake. Fundi huyu wa Nachingwea alikuwa na majina mengi ya kujipa, na alilolipenda kuliko yote ni Profesa wa Mawimbi, ingawa kozi ya mitandao aliiacha mwezi wa nne kwa maelezo kwamba mwalimu alikuwa anamchelewesha. Akamfungia yule mgeni kwa kidole kimoja, akatia simu mfukoni, akaenda kutafuta wali. Mlangoni pua yake ilinusa udongo mbichi, ile harufu ya mvua ya kwanza, na hakujiuliza ni mvua gani hiyo ya mwezi wa nane.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya Prisila. Zamani lilikuwa ghala la korosho la marehemu baba yake, yeye akalipiga chokaa, akaweka meza na feni, ili kijana mwenye kompyuta au mnunuzi wa ufuta akodi kiti kwa siku na kukuta umeme, kahawa na intaneti isiyokatika. Hiyo intaneti ndiyo aliyomwitia Rogath, na Rogath alimpangia vizuri, tusimnyime haki yake.

"Dada, chukulia ni bomba la maji," alimweleza. "Watu thelathini, kila mtu na koki yake. Bomba likiwa jembamba, wa kwanza anaoga, wa mwisho anatazama ndoo. Kwa hiyo tunaleta bomba nene, halafu kila mtu namkatia fungu lake. Wageni wa kahawa fungu dogo, wenye mikutano ya video fungu kubwa. Vifaa vitatu vya kurushia, viwili kwenye kona, na kimoja juu ya mlango. Nikimaliza mimi, Dar watakuja kujifunza hapa."

Tabu ilikuwa dishi. Ili intaneti ifike, dishi lilitakiwa lione mnara ulio kilimani bila kitu katikati, na katikati ilisimama mikorosho ya jirani, bibi mmoja wa Kimwera aliyeitwa Binti Saadi, ambaye ukimwambia akate mkorosho ni sawa na kumwambia akate mguu. Nyuma ya ghala, hata hivyo, kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Rogath alikipanda, akatazama, akauona mnara mweupe peee.

Binti Saadi ndiye aliyekuja na fimbo yake kuwasimamisha. Bibi huyu watu walimfuata kutoka Mbekenyera mpaka Chinongwe kwa kutibu mashetani, na Kiswahili alikisema kwa kifupi, kama mtu anayelipia kila neno.

"Hapo pana mwenyewe. Mmemwomba?"

Prisila alikuwa mtu wa misa kila Jumapili, lakini pia alikuwa mtoto wa Ruangwa. "Tumwombeje, bibi?"

Bibi akaja na kibuyu cha unga wa mtama. Jioni ile, Alhamisi kabla ya ile Jumapili, aliumimina polepole kutoka kiganjani, chini ya kichuguu, pale penye tundu la kuingia mkono, ukasimama kilima kidogo chenye ncha. Akaufunika kwa bakuli. "Kesho asubuhi tutatazama. Ukisimama hivi hivi, jengeni. Ukianguka, tafuteni pengine."

Sasa sikilizeni kosa. Pengine palikuwepo: juu ya paa, kwa mlingoti mrefu wa kufungwa nyaya pande nne, kazi ya wiki nzima. Na Rogath alikwishamwapia kila aliyemuuliza kwamba Jumatatu watu watakuwa mtandaoni. Kwa hiyo alfajiri, kabla bibi hajaamka, alikwenda akafunua bakuli.

Unga haukuwa umeanguka. Ulikuwa umepanguliwa. Mistari minne ya vidole ilipita katikati yake, vidole vyembamba, na unga wenyewe umelowa.

Rogath alitazama kushoto, akatazama kulia. Akachota mkavu ulioachwa kwenye kibuyu cha bibi, akaumimina, akaupapasa kwa viganja mpaka ukatoka ncha. Akafunika.

Binti Saadi alikuja akafunua, akainama mpaka pua ikakaribia unga.

"Umesimama," akasema. "Umesimama kuliko nilivyousimamisha mimi." Akamtazama Rogath viganja, akaondoka bila kuaga.

Siku hiyo hiyo Rogath akachanganya zege. Alipokuwa anamimina ndoo ya kwanza tunduni, upepo ulitoka chini ukampiga usoni, wa vuguvugu, kama mtu anayepuliza uji. Ndoo ya pili, akasikia kitu kama vicheko vya watoto vilivyo mbali. Ndoo ya tatu havikuwa vicheko tena. Akamimina sita. Akasimamisha mlingoti.

*

Jumatatu watu walijaa. Intaneti ilikwenda kama gari jipya mpaka saa saba, halafu ikagoma kwa wote kwa pamoja.

"Profesa, tumefunga sisi au umefunga wewe?" kijana mmoja mnunuzi wa ufuta alimchokoza.

"Tulia, kaka. Kuna mwenzenu anashusha filamu." Rogath akafungua orodha. Watu thelathini, vifaa thelathini na kimoja, na kile kisicho na jina kilikuwa kimemeza bomba lote. Akakifungia. Mara kurasa zikafunguka, watu wakampigia makofi, naye akainama kama mwimbaji.

Simu ikaita. Alikuwa mkewe, Koleta, kutoka nyumbani Nachingwea.

"Baba Teo," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na mtu aliye chumbani. "Teodosia koo limefunga. Alikuwa anakula, akaacha kupumua. Kama ile ya jana, ila leo imezidi."

"Ya jana ipi?"

"Jana saa saba. Nilidhani ni mwiba wa samaki. Subiri. Subiri, anavuta. Amepata."

Rogath alitazama orodha. Kifaa kisicho na jina kilikuwa kimerudi.

Teodosia alikuwa na miaka sita, mtoto wake pekee, aliyepatikana baada ya miaka tisa ya kungoja. Hospitali walimtazama kooni Jumanne asubuhi, pakavu, safi, hakuna kitu. Na Jumanne saa saba, mgeni alipoanza kumeza tena, Rogath akaona amjaribu kwa akili: hakumfungia, alimkatia fungu dogo, dogo kabisa, la tone moja moja. Koleta akapiga. Mtoto alikuwa anapumua, ndiyo, lakini kama mtu anayevuta hewa kwa mrija wa soda, mbavu zinaingia ndani. Rogath akamrudishia yule mgeni bomba lote, na upande wa pili wa simu akasikia binti yake akivuta pumzi ndefu na kuanza kulia.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi bila kuanzia kwenye unga?

Alipanda ngazi akafungua kile kifaa cha juu ya mlango. Kilikuwa cha moto na kimejaa udongo mbichi, uliosilibwa laini ndani yake, mwekundu, wenye mikunjo, umeacha njia nyembamba katikati. Na alipokisogeza karibu na uso akaona kwamba ile njia ilikuwa inafunguka na kufumba.

*

Siku mbili alimwacha mgeni ale atakavyo. Ofisi ikafa. Watu walikuja, wakatazama skrini nyeupe, wakajifunika pua kwa ile harufu, wakaondoka. Ijumaa walibaki wanne, yule mnunuzi wa ufuta akiwa mmoja wao. Rogath alikuwa nje anaongea na Koleta, anamuuliza mtoto ameshindaje, Prisila alipotoka ana uso wa ushindi.

"Fundi, wewe unazunguka tu. Ulinifundisha mwenyewe, nimefanya mwenyewe. Yule asiye na jina nimemfungia moja kwa moja. Sasa inakimbia."

Rogath alisikia Koleta akipiga yowe simuni.

Alikimbilia kompyuta ya Prisila amfungulie yule mgeni, akaona orodha, akaona majina ya waliofungiwa, na pale kilipotakiwa kuwa kile kisicho na jina hapakuwa na kitu, hapakuwa na mtu wa kumfungulia, kwa sababu aliyekuwa anavumilia kwa siku tano alikuwa ameacha kuvumilia na ameondoka kwenye mtandao kwenda alikokuwa anakwenda. Na wakati Rogath anabonyeza kila kinachobonyezeka, Koleta alikuwa anamwambia kwenye simu, baba Teo midomo inakuwa ya bluu, baba Teo fanya kitu.

"Nani aliushika unga?"

Binti Saadi alikuwa mlangoni na fimbo yake.

"Bibi, mtoto wangu."

"Nimeuliza unga."

"Labda panya," Rogath akasema, na hata hapo, mtoto anakufa, ulimi wake ulikuwa bado unatafuta pa kujificha. "Usiku panya walipita, bibi, mimi nika..."

"Haya. Mwambie panya amtibu."

Bibi aligeuka kuondoka. Rogath akaanguka chini, akamshika kitenge.

"Mimi. Ulikuwa umepanguliwa. Nikausimamisha mimi."

Prisila alijishika kifua.

"Yule ni mama," bibi akasema. "Umemzibia watoto ndani. Siku zote hizi anawatumia sauti kwa waya wako, wasikie kwamba yupo. Nawe unamkata. Chukua sururu. Usisaidiwe. Aliyeziba azibue."

Rogath alipiga zege la siku saba kwa sururu, jua la utosi likimchoma kisogo, simu ameilaza juu ya udongo imefunguliwa sauti, na kila alipopiga alimsikia Koleta akihesabu sekunde ambazo mtoto hajavuta hewa, na viganja vikapasuka, na mlingoti ukalala upande na dishi lake, na akaendelea kupiga mpaka zege likatoa ufa, na kutoka kwenye ufa ikaja ile pumzi ya vuguvugu, ile ile, ila sasa ilikuwa inanuka kama chumba kilicholaliwa na mgonjwa asiyefunguliwa dirisha.

Unga wa saruji ulikuwa umetanda chini kama jivu. Mbele ya macho ya watu wote zikatokea nyayo juu yake, ndogo, za mtoto wa kutambaa anayejifunza kusimama, mstari mmoja, halafu wa pili pembeni yake. Zilipita kati ya Prisila na bibi, zikaingia mikoroshoni. Mtu hakuonekana.

"Amevuta," Koleta akasema kwenye simu. "Ee Mungu wangu. Amevuta, amekaa, anaomba maji."

Rogath aliinamisha kichwa juu ya mpini wa sururu akalia bila aibu. Hakuona bibi alivyopiga magoti kwenye lile pande la zege lililobaki, akaligeuza.

Ndani yake kulikuwa na nafasi tupu. Umbo. Kichwa kidogo, mabega, mikono miwili imeinuliwa mbele ya uso kama mtoto anayekinga maji ya kuoga.

"Huyu alikuwa mlangoni," bibi akasema taratibu. "Ulipomwaga."

Akavua kitenge chake cha juu akalifunika pande lile, kama anavyofunikwa mtu.

"Baba." Ilikuwa sauti ya Teodosia simuni, karibu sana, kama midomo imegusa simu.

"Mwanangu. Mwanangu, niambie. Umepona?"

"Baba, usije. Mama amekwishafika kunichukua."

"Mama huyo hapo, si unaye?"

"Siyo huyo," mtoto akasema.

Na kwenye simu ile ile, kwa mbali, Rogath akamsikia Koleta akiimba wimbo mdogo wa furaha, na maji yakimiminwa.

"Koleta," akaita. "Koleta, uko wapi?"

"Jikoni, namchotea maji."

"Nani yuko na mtoto?"

Wimbo ukakatika. Zikasikika kandambili zake zikipita ukumbini, pazia likivutwa. Halafu kimya, na kwenye kimya kile mlango wa uani ulikuwa unagonga ukuta polepole.

"Baba Teo," Koleta akasema. "Hayupo kitandani."

Mnunuzi wa ufuta alimpakia kwenye pikipiki yake, na hawakusimama mpaka Nachingwea. Walimkuta Koleta amesimama uani, kikombe cha maji bado kimejaa mkononi, majirani wamejipanga ukutani na hakuna aliyetaka kukanyaga mbele. Vumbi la ua lilikuwa limefagiwa asubuhi ile. Juu yake zilipita nyayo ndogo mistari miwili, na katikati ya mistari hiyo wa tatu, wa mtoto wa miaka sita asiyevaa viatu, anayekwenda bila haraka, kama aliyeshikwa mikono huku na huku.

Rogath alizifuata mpaka mwisho wa ua, zikaingia shambani, zikafika kwenye kichuguu ambacho siku zote kilikuwa pale na yeye hajawahi kukitazama. Tundu lake lilikuwa limezibwa kwa udongo mbichi, umesilibwa laini, kutoka ndani.