Sikunusa Pombe

Jumamosi ile pale Kibara ilianza kama Jumamosi zote. Nilianika dagaa, nikafagia uwanja, nikabandika uji. Mama alikuwa ameondoka alfajiri kwenda sokoni Bunda, na Baba alikaa kivulini akishona nyavu zake.

Saa tatu nilimpelekea uji. Kikombe kilimponyoka mkono wa kulia. Alijaribu kusema kitu, maneno yakatoka mazito, hayaeleweki, na mdomo umekwenda upande. Aliposimama aliyumba, akaangukia nyavu.

Nilidhani najua kilichotokea. Zamani Baba alikunywa gongo kupindukia, na ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu aahidi mbele ya jumuiya yetu ya kanisani kwamba ameacha. Kesho yake alikuwa asimikwe kuwa mwenyekiti wa jumuiya hiyo. Niliona aibu. Nikamkokota ndani, nikamlaza, nikafunga mlango ili pombe imtoke.

Saa tano katekista Amos alikuja kumuulizia. Nilimwambia Baba ameenda ziwani, na nilimtazama machoni nikisema hivyo.

Mama alirudi saa tisa alasiri. Baba alikuwa macho, mate yanamtoka, mkono na mguu wa kulia havisogei. Mama hakulia. Alimwinamia, akamnusa mdomo, kisha akanigeukia.

"Matrida, baba yako alipokuwaga anakunywa, harufu ilikuwa inakupokea mlangoni. Leo ulinusa nini?"

Sikuwa nimenusa kitu. Hata kunusa kwenyewe sikukumbuka.

Amos yule yule niliyemdanganya ndiye aliyetutafutia gari la kwenda hospitali. Daktari Dorotea aliuliza hali ilianza saa ngapi, na Mama akasema hajui. Nilitamani kusema imeanza muda si mrefu, maana Amos alikuwa amesimama pale pale.

"Saa tatu asubuhi," nikasema. "Nilidhani amelewa. Nilimfungia ndani."

Daktari aliandika ile saa bila kunigombeza. Alitueleza kwamba ni kiharusi: damu haikufika sehemu ya ubongo, na kadiri mgonjwa anavyocheleweshwa ndivyo sehemu hiyo inavyozidi kufa. Kisha akauliza habari za presha. Baba alikuwa amepewa dawa tangu mwezi wa nne, akaziacha alipojisikia mzima. Baadaye tulizikuta mfukoni mwa koti lake, karibu zote. Daktari alisema presha mara nyingi haiumi, na ndiyo maana watu huipuuza.

Baba hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, akiburuta mguu. Siku hizi anameza dawa kila siku tukimwona, sigara alizokuwa akivuta ameziacha, na Mama amepunguza chumvi kwenye mboga. Lakini mkono haushiki tena nyavu, na jumuiya ilimchagua mtu mwingine.

Nilipomwomba msamaha, alihangaika kulitaja jina langu, likagoma. Akanishika bega kwa mkono wa kushoto. Nililia sana siku ile, na Mama aliniacha nilie kwanza ndipo akasema.

"Mwanangu, ukiona mdomo wa mtu umeenda upande, mkono umelegea, au maneno yamekwama, usikae kuwaza watu watasemaje. Ita watu, apelekwe hospitali saa ile ile. Ingekuwa pombe, tungeona aibu siku moja, ikaisha. Hali hii tutakaa nayo."