Njoo Ijumaa

Mzigo hauhitaji mto. Hilo ndilo jambo dogo ambalo Spoku angepaswa kulihoji pale pale uani, asubuhi ile ya Jumamosi, dada yake alipopiga magoti nyuma ya baiskeli na kufunga mto mnene wa kitambaa cha buluu juu ya keria, fundo juu ya fundo. Hema lililokuwa likae hapo alikwisha kulihamishia mbele, kwenye usukani.

"Mto wa nini, dada? Nguo zangu zitaumwa mgongo?"

"Utanishukuru ukifika kwenye mashimo," dada alisema bila kuinua uso. "Ila usiufungue, hutaweza kuurudishia. Na ukishapanda usigeuke kutuangalia. Mama ataanza kulia, na mimi nitamfuata."

Sasa maneno kama hayo nani atayakataa?

Walimwita Spoku kwa sababu alikuwa mrefu na mwembamba kama vile vyuma vya gurudumu. Alikuwa karani wa stoo ya dawa hospitalini, ana miaka ishirini na saba, hana mume, hana mtoto. Ndoto yake ilikuwa moja: kuendesha baiskeli peke yake mpaka kwenye maporomoko ya maji, kilomita mia saba kwenda, mia saba kurudi. Miaka mitatu aliomba ruhusa, si kwa kuwa sheria ilimlazimisha, bali kwa kuwa alitaka kuondoka akiwa na watu wa kumsubiri. Miaka mitatu mama alimjibu kwa kufunika sufuria kwa kishindo. Dada, fundi cherehani aliyerudi kwa mama na binti zake wawili baada ya ndoa yake kuvunjika, alikuwa mkali zaidi: msichana peke yake barabarani, watu watasemaje? Halafu Jumanne moja, kabla chai haijapoa, wote wawili wakakubali. Hakuna hoja mpya iliyotolewa. Hakuna aliyebembelezwa. Spoku aliondoka mezani akiruka ruka kama mtoto, wala hakujiuliza kwa nini upinzani mzima umekaa chini kwa pamoja.

Langoni mama alimkumbatia na kusema, "Nenda salama, mwanangu."

Siku zote, hata akitumwa chumvi dukani, mama alimwambia "urudi salama." Spoku alikuja kulikumbuka hilo akiwa kilomita nyingi mbele, kwenye kilima, pumzi zikiwa zimemwishia.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Ni kweli baiskeli ilikuwa nzito, lakini alijiambia ni mizigo. Alipanda vilima kwa gia ndogo akijitukana kwa sauti, akateremka upande wa pili akipiga kelele, machozi ya upepo yakimkimbilia masikioni. Alilowa mvua, akakauka, akalowa tena. Alikula ndizi amekaa juu ya jiwe la kilomita, na hakuna aliyemuuliza anaolewa lini. Kitu kimoja tu kilimchekesha. Watoto waliokuwa wakitoka kuteka maji walimpungia mkono alipokuwa akija, kisha, akiisha kuwapita, wakapunga tena, taratibu, kwa adabu, kama wanavyomsalimu mtu mzima.

Jumatatu asubuhi alitaka kuvaa glavu zake, vidole vikagoma kuingia. Zilikuwa zimeshonwa, ncha zote kumi, kwa uzi wa buluu, mishono midogo iliyonyooka kama ya mashine. Alicheka. Akadhani ni utani wa dada. Kisha akakumbuka kwamba Jumapili nzima aliendesha amezivaa.

Mchana wa siku hiyo tairi la nyuma lilianza kulala. Alishuka, akalibonyeza kwa dole gumba, akalijaza kwa pampu, akapanda, likalala tena. Alitoa mpira wa ndani, akauzamisha kwenye maji, hapakutoka povu hata moja. Halikuwa na pancha. Lilikuwa limelemewa. Na pale alipoinama alisikia harufu anayoijua vizuri, ya nguo iliyoachiwa pasi ya moto ikaungua, ingawa mbele na nyuma palikuwa na nyasi tu na lami.

Jumanne ilikuwa siku ya kilima kirefu. Jua lilikuwa utosini, barabara tupu, na Spoku alikuwa amesimama juu ya pedali akihesabu mizunguko ili asifikirie mapaja yake, ndipo chini ya mlio wa mnyororo akasikia mlio mwingine, taka-taka-taka, taka-taka-taka, mlio wa cherehani ya mguu ikikanyagwa bila haraka, mlio aliokuwa akilala na kuamka nao nyumbani, na kadiri alivyokazana ndivyo nao ulivyokazana, na alipotaka kusimama ili asikilize akahisi fulana yake imevutwa kwa nyuma, si kwa nguvu, imevutwa vile fundi anavyolivuta vazi mwilini mwa mteja ili aone kama limekaa sawa, na pumzi baridi ikampita shingoni, na kitu fulani huko nyuma kikakatika kwa mlio, kikakatika kingine, spoku ya kwanza, ya pili, ya tatu, gurudumu likaanza kuyumba kama mlevi, naye akaendelea kukanyaga, akilia, bila kugeuka, kwa sababu dada yake aliyempenda alimwomba asigeuke.

Juu ya kilima palikuwa na fundi baiskeli, mtu wa makamo, chini ya kibanda cha bati. Spoku alipojaribu kushuka hakuweza. Upindo wa fulana yake ulikuwa umeshonewa kwenye mto.

Fundi alikata ule uzi kwa kisu. Akaigeuza baiskeli juu chini, akalizungusha gurudumu, akahesabu spoku zilizokatika.

"Bibie," alisema kwa sauti ndogo, "umempakia nani?"

"Sijampakia mtu."

"Mimi kazi hii nina miaka ishirini. Spoku tano zimekatika, zote za kushoto. Ukingo umelalia kushoto. Mzigo haukai hivi. Hivi anakaa mtu. Mwanamke, upande upande, miguu yote huku." Alinyoosha kidole, kisha akakirudisha haraka. "Na hajashuka."

Spoku aliutazama mto. Katikati ulikuwa umebonyea.

Alipiga simu nyumbani. Iliita mara moja tu.

"Umeufungua?" dada alisema.

Hakusema habari za safari, wala u mzima. Hapo Spoku akajua. Akakaa juu ya tairi bovu.

"Dada, nimembeba nani?"

 Dada akaanza kunong'ona haraka haraka, kama anayeogopa kusikika chumbani mwake. Kwamba mwaka jana, wakati wa sare za shule, alizidiwa na kazi. Kwamba alisema peke yake, kwa uchovu tu, laiti ningepata mkono wa pili. Asubuhi akakuta sare arobaini zimemalizika, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Ikawa hivyo mwezi mzima. Halafu mwenye mkono akasema anataka ujira. Anataka nguo yake, moja, ishonwe na dada mwenyewe.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia..." Dada alishusha sauti zaidi. "Nilimwambia njoo Ijumaa."

Spoku alifumba macho. Mji mzima uliijua Ijumaa ya dada yake. Mabibi harusi waliisubiri wakilia. Kuna suruali ya jirani iliyosubiri Ijumaa mpaka mwenyewe akanenepa.

"Akaja?"

"Kila Ijumaa. Na kila Ijumaa nilikuwa na kazi za watu. Ndipo akaanza kuvifumba vitu kwa uzi. Shingo za magauni. Mikono ya mashati. Mchana kweupe, nikienda jikoni nikirudi. Halafu yule mdogo..."

"Mliniambia mmemnyoa kwa sababu ya chawa."

"Alishonewa nywele kwenye godoro, Spoku! Amelala zake mchana! Ningefanya nini? Mganga akasema apewe kiti, na mtu wa damu yetu ambebe, akiwa peke yake, asigeuke nyuma. Atamzoea aliyembeba."

"Anashukia wapi?"

Dada akarudia kwamba mto usifunguliwe.

"Dada. Anashukia wapi?"

"Hashuki," dada alisema.

Kwa hiyo ilikuwa tiketi ya kwenda tu. Alisikia simu ikibadilishwa mikono, kisha sauti ya mama, nzito, iliyokwisha kulia mapema ili isilie sasa.

"Mwanangu, dada yako ana watoto. Wewe ni mtu mmoja."

Tuulizane hapo. Mtu mmoja ni kiasi gani cha mtu? Ni nani aliyekaa mezani na mizani, akaweka watoto wawili huku, akaweka huku msichana asiye na mume, kisha akaona huku ni pepesi kiasi cha kutupwa? Spoku hakuuliza. Alikata simu. Alimwomba fundi kisu, akaupasua mto.

Ndani yake palikuwa na mabaki ya nguo zake za zamani, kishungi cha nywele za mtoto, na ufunguo wake wa nyumbani. Aliutafuta wiki nzima kabla ya safari. Mama ndiye aliyemsaidia kutafuta, akiinua makochi.

Fundi alikaza spoku mpya. "Bibie, nakuomba, usimwache hapa. Mimi nina familia."

"Hata mimi nilikuwa nayo," Spoku alisema.

Aliutia ufunguo mfukoni, akaushona mto kwa mikono yake, akaufunga tena. Na kwa mara ya kwanza akageuka, akatazama nyuma waziwazi. Hakuona kitu, ila joto la pasi lilimpiga usoni.

"Wamekudanganya," aliliambia lile joto. "Na mimi wamenidanganya. Mimi si mteja wako wala fundi wako. Nikurudishe?"

Aliigeuza baiskeli kuelekea alikotoka. Ilianza kutembea kabla hajakanyaga.

Barabara iliyomchukua siku tatu na nusu aliirudi kwa mbili. Vilima vilikuwa kama tambarare. Kitu kilimsukuma mgongoni kwa viganja viwili vipana, na ule mlio wa cherehani ulimfuata bila kupumzika, kama mtu anayekamilisha kazi kwa miadi.

Alhamisi, saa nane mchana, alifungua lango kwa ufunguo wake mwenyewe. Mama alikuwa anaanua nguo. Kikapu kilimponyoka. Mabinti wawili wa dada walitoka mbio wakiimba "Mama mdogo! Mama mdogo!" na yule mdogo, nywele zake zikiwa zimeanza kuchipua, akasimama ghafla hatua tatu kabla ya baiskeli.

"Mama, watoe watoto," Spoku alisema. "Wapeleke kwa jirani. Sasa hivi."

Mama aliwashika mikono, akatoka nao bila viatu.

Chumba cha kushonea kilikuwa kile kile, vitambaa mpaka darini, chaki, mkasi, mdoli asiye na kichwa. Dada alikuwa mbele ya cherehani. Spoku aliweka mto juu ya kigoda kilichokuwa karibu naye. Mto ukabonyea.

"Nimekurudishia mteja wako."

"Spoku, mdogo wangu, tafadhali..."

"Mpime. Anataka nguo moja. Moja, dada! Umeshonea mji mzima. Ungemshonea yeye mwaka jana, mtoto asingenyolewa, nami ningekuwa kwenye maporomoko nikiwapigia picha."

Dada aliinuka na utepe wa kupimia. Aliuzungusha hewani, mahali ambapo kifua kingekuwa, akitazamia ukutane na ncha yake. Haukukutana. Ulisimama pale, umekaza, umezunguka kitu. Aliandika namba kwa chaki. Akapima bega, akapima kiuno, akapima mkono mrefu uliofika chini ya goti, na kila alipopima alilia, na harufu ya kitambaa kinachoungua ilijaa chumbani mpaka macho yakawasha. Mwisho akageukia rundo la vitambaa, akakunjua kimoja, akakipima, akakikunja. Akakunjua kingine. Kisha akainua kichwa, amechoka, na midomo yake ikasema kile inachosema siku zote, yenyewe, kama mtu anavyopiga chafya:

"Hiki hakitoshi. Njoo Ijumaa."

Mkasi ulianguka. Dada akaziba mdomo kwa viganja viwili, lakini neno lilikwisha kutoka.

Mto juu ya kigoda ukainuka taratibu, ukajaa, vile mto unavyojaa mtu anaponyanyuka. Harufu ikakatika. Mteja alikubali. Kesho ilikuwa Ijumaa, wala haikuwa mbali.

"Mshonee leo, dada," Spoku alisema kutoka mlangoni. "Unganisha vitambaa. Usilale."

"Kaa nami."

"Mimi ni mtu mmoja."

Aliutundika ufunguo kwenye msumari wake. Langoni mama alikuwa amerudi, amesimama peke yake. Alimshika Spoku mkono.

"Urudi salama, mwanangu."

Spoku alipanda. Hakugeuka, na safari hii hakuna aliyemwomba.

Ijumaa, saa sita mchana, alisimama kando ya barabara ile ile, akalibonyeza tairi la nyuma kwa dole gumba. Lilikuwa gumu kama jiwe. Keria ilikuwa tupu. Alikuwa anafungua ndizi simu ilipoita, na jina lililotokea lilikuwa la dada.

"Umemaliza?" aliuliza.

Alisikia cherehani, taka-taka-taka, karibu sana na simu. Juu yake palikuwa na sauti ya dada, aliyoijua tangu utotoni, lakini ilikuja kwa puani tu, imebanwa, ikipanda na kushuka, kama ya mtu anayesema maneno mengi mno huku midomo imefumbwa.

"Dada," Spoku alisema, na ndizi ikamponyoka. "Dada, fumbua mdomo, sikusikii."

Sauti ikapanda. Cherehani haikusimama.