Mwenyeji wa Uraiani Ndogo

Kitanda kilikuwa kimelaliwa. Mama Kesho alisimama na funguo mkononi akikitazama, kama mzazi aliyekuta kiatu cha mwanamume chini ya kitanda cha binti yake. Shuka lilikuwa limevutwa upande mmoja, mto una shimo la kichwa. Aliweka kiganja pale kwenye shimo, akakiondoa haraka. Palikuwa na joto.

Tangu kitanda kile kinunuliwe, hapakuwa na kiumbe aliyewahi kulala juu yake. Nyumba yenyewe ilijengwa ndani ya ukuta wa gereza: chumba, sebule na jiko, ili wafungwa wa vifungo virefu wanaoandaliwa kuachiwa mapema wajifunze upya kuishi. Na usicheke. Mtu aliyefunguliwa milango na askari kwa miaka ishirini husahau kwamba kitasa huzungushwa, husimama mbele ya mlango mikono ubavuni, akingoja. Mama Kesho ndiye aliyekuwa mkuu wa urekebishaji katika magereza yote ya jimbo, na nyumba ile aliipigania kwa barua mpaka kidole kikaota sugu. Jina la Mama Kesho alipewa na wafungwa, kwa kuwa hakuwa na hotuba isiyo na neno hilo. Nyumba nayo waliiita Uraiani Ndogo.

Kila siku mazoezi yalikuwa yale yale. Mfungwa anabisha hodi, sajini anaitikia karibu kutoka ndani, mfungwa anaingia, anakaa kwenye kochi, anatandika kitanda, anawasha taa na kuizima. Saa kumi jioni filimbi ya kuhesabiwa ikilia, wote wanatoka mbio na mlango unafungwa. Miaka mitatu hivyo, kila siku ya kazi.

"Sajini, nani kalala humu?" aliuliza.

Sajini, mama mzima mwenye mwili wake, aliyekuwa naye tangu siku ya kwanza, alichungulia kitanda akarudi nyuma hatua moja. "Ufunguo ni mmoja mama, na unao wewe. Mimi hapo usiniulize."

Siku nyingine wangecheka. Lakini wiki ile Mama Kesho hakuwa na kicheko hata cha kuazima. Watu watatu waliopita katika nyumba ile walikuwa wameachiwa mwaka huo, na wote watatu walirudi. Wa kwanza alifika getini, magoti yakamwishia nguvu, akaburutwa kurudishwa ndani huku akishukuru. Wa pili alifika kwao, na siku ya tatu akakutwa nje ya ukuta wa gereza, ameegemeza paji la uso kwenye matofali. Wa tatu alimpiga askari kofi mchana kweupe, mbele ya kituo cha polisi, ili arudishwe. Alipowauliza kulikoni, kila mmoja kwa wakati wake alisema maneno yale yale: "Nilitoka bila ruhusa."

"Ruhusa ya nani? Hakimu si amesaini?"

"Si ya hakimu, mama."

Kamishna hakuwa na muda wa mafumbo. Alimwita ofisini akamwambia wa nne akishindwa, programu inafungwa magereza yote, na wale sitini na wawili waliobaki kwenye orodha watamaliza vifungo vyao kama kawaida. Kwa wengi wao, kawaida maana yake ni kufia humo. Wa nne alikuwa Sindano, mshona nguo mrefu mwembamba aliyeingia akiwa kijana na sasa ana mvi, miaka ishirini na minne ndani. Barua yake ya kuachiwa ilisema Ijumaa, kabla ya saa kumi jioni. Ikipita hapo, imekufa.

Jumanne mchana alikaa naye kwenye kochi la Uraiani Ndogo wakipitia mambo ya benki na simu, na katikati ya maelezo Mama Kesho alinyamaza. Palikuwa pananukia vitunguu vinavyokaangwa. Jiko lile halikuwa na gesi, kwa sababu mtungi hauruhusiwi ndani ya ukuta. Lilikuwa pambo tu.

"Unasikia harufu?" alinong'ona.

"Anapika," alisema Sindano, macho chini. "Kila nikija anapika."

"Nani?"

"Mwenyeji." Alisogea ukingoni mwa kochi. "Mama, mimi nataka kutoka, Mungu ni shahidi yangu. Mama yangu ana miaka themanini na moja, na hajakosa kuja kunitazama hata mwezi mmoja. Lakini nikilifikiria lile geti tu, miguu inakuwa si yangu. Nisaidie. Nikibaki nitakufa, na yeye atakufa akinisubiri."

Jikoni kifuniko cha sufuria kiliwekwa chini taratibu, kama anavyoweka mtu anayejua kuna wageni sebuleni. Katika nyumba ile hapakuwa na sufuria.

Mfa maji haachi kutapatapa. Jumatano Mama Kesho alikwenda jikoni kwa wafungwa kumtafuta Dokta, aliyekuwa anamenya viazi akitumikia miaka minne kwa kuwauzia watu pete za kuzuia majini.

"Mama, mimi ni tapeli," alisema Dokta baada ya kumsikiliza. "Hilo mahakama imethibitisha, na sikukata rufaa. Jini sijawahi kumwona hata kwenye ndoto. Bibi yangu ndiye aliyekuwa mganga wa kweli, na mimi alinifukuza."

"Basi nipe cha bibi yako."

Alimpeleka Alhamisi. Dokta alifika kizingitini, akavuta pumzi mara moja, na rangi ikamtoka usoni. Hakuingia.

"Mama, mmefanya nini humu?" alisema kwa sauti ya chini. "Mmejenga nyumba, mkatandika kitanda, halafu halali mtu. Na kila siku mnasimama nje mnabisha hodi. Nyumba isiyolala mtu hulaliwa. Miaka mitatu mnambishia hodi, atajuaje kuwa si kwake?"

"Mfukuze."

"Mtu anafukuzwaje kwake?" Alijifuta jasho. "Hebu niambie, hao wageni wake huwa wanaondokaje?"

"Kwa filimbi."

"Hawaagi?"

Mama Kesho alipitia masomo yao kichwani. Walikuwa wamefundisha kubisha hodi, kusalimia, kukaa, kushukuru chakula cha kufikirika. Kuaga hawakufundisha. Filimbi haikuwahi kuwaachia nafasi.

"Bibi yangu alikuwa akisema, mgeni asiyeaga bado yumo ndani," alisema Dokta. "Huyo Sindano akaage. Kwa adabu, mchana, asikimbizwe. Na wewe ukiwa naye usiseme neno. Neno lolote utakalolisema humo litakuwa ahadi. Mimi nitangoja nje, na mama usinilazimishe."

Ijumaa saa tisa na nusu Sindano aliingia Uraiani Ndogo akiwa amevaa suruali aliyojishonea mwenyewe, begi begani. Mama Kesho alisimama nyuma yake, na sajini na Dokta wakabaki nje ya mlango. Nje ya ukuta mama yake Sindano alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni tangu asubuhi, na pembeni yake binti wa Mama Kesho, mtoto wake pekee, aliyetoka shuleni akapitia kumchukua mama yake ili kwa mara ya kwanza mwezi ule wale pamoja.

"Mwenyeji," alisema Sindano, "nashukuru kwa ukarimu wako. Nimekaa vya kutosha. Naomba ruhusa niende zangu."

Hakuna kilichojibu. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa kumi kasorobo, na katika kimya kile kitanda cha chumbani kililia kama kinavyolia kitanda mtu mzito anapojiinua na kukaa ukingoni kwanza, kisha zikaja nyayo, si za haraka, nyayo za mtu aliyeko kwake asiyeogopa kuchelewa, zikatoka chumbani zikapita jikoni ambako vitunguu vilikuwa vinaungua sasa, zikaingia sebuleni ambamo hawakuona mtu ila kochi likibonyea polepole mbele yao, na Sindano akaanza kulia bila sauti huku akijaribu kuinua mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha tena wa kulia, na hakuna hata mmoja uliobanduka sakafuni, na dakika zilizobaki zikawa kumi, na zikawa saba, na mle kwenye kochi lililobonyea sauti ikasema, bila hasira, kwa unyonge wa mtu aliyezoea kuachwa:

"Na mimi nitabaki na nani?"

Mama Kesho alikumbuka aliyoambiwa. Aliyakumbuka vizuri sana. Lakini mbele yake mtu mzima alikuwa analia kwa miguu iliyomkataa, dakika zilikuwa tano, na nyuma ya huyu walikuwa sitini na wawili. Aliogopa, akawahurumia wote, na maneno yakamtoka kama yanavyomtoka mama yeyote mtoto anapolia asiachwe.

"Mwache aende. Mimi nipo."

Mlangoni Dokta alishika kichwa. "Mama," alinong'ona, "mama, umesema nini?"

Harufu ilikatika. Mguu wa Sindano ukainuka, akapepesuka, na sajini akamdaka mkono wakakimbia uani. Mama Kesho aliwafuata kwa mwendo wa haraka, na miguu yake ilikuwa mizima kabisa, akaanza hata kujicheka. Getini Sindano alionyesha barua kwa askari zikiwa zimebaki dakika mbili, akavuka. Mama yake alisimama kwenye benchi kwa shida, akamshika uso kwa mikono miwili, akaguna kitu ambacho hakikuwa neno. Mama Kesho aliona, na machozi yakamtoka kwa furaha.

"Mama, njoo," binti yake aliita upande wa pili, akimpungia. "Njaa inaniuma."

Alikwenda. Alifika kwenye mstari wa chuma ambao geti huteleza juu yake, na hapo mguu ulisimama. Aliusukuma kwa mkono, akiinama kama anayefunga kiatu ili askari asishtuke. Haukwenda. Akajaribu kurudi nyuma hatua moja, na ulirudi kwa wepesi.

Filimbi ya kuhesabiwa ililia.

"Mkuu, unapita au nifunge?" aliuliza askari wa geti.

Binti yake alikuwa bado anatabasamu, mkoba wa shule begani, akisogea karibu kumwona mama yake anachelewa nini. Mama Kesho alinyoosha mkono kumzuia asivuke. Alijua kwamba mtoto akiingia huku naye atakaribishwa.

"Mwambie asiningoje," alimwambia askari kwa sauti ya chini. "Halafu funga."

Askari alimtazama, akasita, akafunga.