Hodi ya Sungura

Umeme ulikuwa umekatika Mandewa tangu asubuhi, lakini Rahel alikaa mbele ya televisheni akicheka.

"Unacheka nini, mwanangu?" Selina aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Sungura kaniambia nisikwambie."

Selina naye akacheka. Sungura huyo alikuwa wa kwenye katuni ambazo Selina aliletewa kwa flashi na mdogo wake, Marietha wa Ikungi. Anabisha hodi kwenye nyumba, anaimba, na watoto wanaitikia: "Ingia, nyumba ni yako." Selina alizipenda. Zilikuwa za Kiswahili, na aliona zinamfunza mtoto kukaribisha wageni. Hata yeye aliuimba huo wimbo akishona.

Kisha Rahel akakataa chumvi. Mlenda, mboga, chochote alikinusa kwanza. Nyumba ikaanza kunuka udi, na hakuna aliyechoma udi. Alasiri moja, jua likiwaka uani, Selina akasikia hodi, si mlangoni bali ndani ya ukuta, nyuma ya televisheni iliyozimwa, taratibu, kama ya mtu anayejua atafunguliwa tu, na kabla hajamwahi mwanawe, mtoto alishasimama na kuweka kiganja kwenye kioo cheusi, na ndani ya kioo, pale alipopaswa kujiona Rahel, kilisimama kitu kirefu chenye masikio, kikimtazama Selina mwenyewe.

Alimbeba mtoto akakimbilia kwa Mzee Idrissa, jirani anayetibu kwa dua.

"Shikamoo, mzee. Mwanangu..."

"Marahaba. Mlaze hapo mkekani."

Mzee akasoma, akasoma tena. Kinywani mwa Rahel ikatoka sauti nzito ya kiume.

"Mimi sikuvamia. Nilikaribishwa kila siku, mama na mtoto wakiimba pamoja. Aliyenileta ni Marietha. Nilikuwa nakula mimba zake, akaambiwa na mganga anitafutie nyumba nyingine."

Selina akampigia simu mdogo wake.

"Marietha, ulijua kilichomo kwenye zile katuni?"

Marietha akajibu kwa sauti ya chini: "Nisamehe, dada. Niliambiwa atacheza naye tu. Mimba zangu zote zilitoka, dada. Hii ya sasa imekaa. Mtoto ameanza kucheza tumboni."

"Ukamtoa Rahel? Wewe uliyemwogesha siku aliyozaliwa?"

Mzee Idrissa akainama karibu na Selina.

"Atatoka leo hii," alinong'ona. "Ila hakubali kutangatanga. Anataka kurudi alikotoka. Sitamruhusu bila neno lako."

Marietha alisikia. Akaanza kumlilia dada yake kwa Kinyaturu, kama walivyozungumza walipolala kitanda kimoja kwa mama yao.

Selina akamtazama mwanawe: macho meupe yasiyo na mboni, vidole vikichimba mkeka.

"Mrudishe," alisema.

Wala hakukata simu.