Kikombe cha Pili cha Mama

Mama yetu ni fundi cherehani. Hushonea sebuleni, karibu na dirisha, penye mwanga. Asubuhi huchemsha kahawa kwanza, ndipo akae kushona.

Zamani kahawa hiyo alikuwa akiinywa pamoja na Baba. Baba alipofariki, Mama aliendelea kuchemsha kiasi kilekile, vikombe viwili vikubwa. Kimoja alikinywa yeye. Cha pili alikiweka mahali pa Baba mpaka kipoe.

"Kukimwaga naona vibaya," alisema. Basi akawa anakinywa na hicho. Jioni hivyo hivyo.

Baada ya miezi michache, mikono ya Mama ilianza kutetemeka. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa. Usingizi ukamkimbia. Na Baba alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa moyo.

"Ugonjwa wa baba yenu umenigeukia mimi," aliniambia.

Mezani palikuwa na kitambaa cheupe cha gauni la bibi harusi. Mama alikuwa amekichora kwa chaki. Alishika mkasi, akauweka chini.

"Njoo ukate wewe, mwanangu."

"Nikikata mimi, Mama, huyo bibi harusi ataolewa amevaa shuka."

Hakucheka. "Basi cherehani ichukue wewe, ujifunze. Mimi nimefika mwisho."

Nilimpeleka zahanati. Daktari alimpima shinikizo la damu, akausikiliza moyo, akamfanyia na kipimo kingine.

"Sioni ugonjwa wa moyo hapa, mama. Unakunywa nini kwa siku?"

"Kahawa tu. Tena nyepesi."

"Ipunguze kwanza, kisha uje tukuone tena."

Mama alirudi nyumbani amenuna. Jirani yetu alikuja kumjulia hali. Yeye hukaanga kahawa na kuiuza, na kwa sababu nguo zake hazikosi harufu ya moshi, tunamwita Mama Moshi. Alisikia habari za daktari, akaomba kopo la kahawa, akamimina buni kiganjani.

"Shoga yangu, hii ndiyo unaiita nyepesi?"

"Huoni ilivyo hudhurungi? Ile nyeusi niliiacha. Ni kali."

"Rangi imekudanganya. Weusi ni wa kukaangwa sana, nao huongeza uchungu mdomoni. Kinachokimbiza moyo kinaitwa kafeini, na hicho moto haukipunguzi sana. Tazama. Buni hizi za mviringo ni robusta. Ile ya zamani uliyokuwa ukinunua kwangu ilikuwa ndefu kidogo, yenye mfereji uliopinda katikati. Hiyo ni arabika. Robusta ina kafeini karibu mara mbili."

"Kumbe nimejitafutia mwenyewe."

"Ngoja kwanza. Unaipikaje?"

Nilijibu mimi. "Inachemka mpaka amalize kuoga. Na machicha ya jana hayamwagi, anaongeza unga mpya wa kahawa juu yake."

Mama alinikazia macho. "Mmbea we."

Mama Moshi alicheka. "Unga mwingi na kuchemka muda mrefu hutoa kafeini nyingi. Kikombe nacho kikiwa kikubwa, ndiyo basi. Kahawa nzito ya kikombe kidogo inaweza kuwa na kafeini kidogo kuliko hiyo nyepesi yako ya kikombe kikubwa. Na ya jioni hukaa mwilini saa nyingi. Wewe unapanda kitandani, yenyewe bado iko macho."

"Basi jioni nitakunywa chai."

"Chai nayo inayo, ingawa kwa kawaida ni kidogo. Kunywa maji ya moto yenye tangawizi. Lakini niambie, kwa nini unapika vikombe viwili viwili?"

Mama alitazama mahali pa Baba. Kisha akasema taratibu, "Kimoja ni cha mume wangu."

Mama Moshi alizirudisha buni koponi, moja moja.

"Alikuwa mtu wa kahawa yule."

"Sana."

"Mwekee kikombe, hata kitupu. Lakini usimnywee. Hajawahi kukuomba hivyo."

Mama alilia kidogo, akajifuta kwa kipande cha kitambaa.

"Na usiache kahawa ghafla," Mama Moshi alisema, "kichwa kitakuuma. Punguza pole pole."

Siku iliyofuata tulikwenda kwake kuchagua arabika. Alituonyesha buni nzima zisizo na ukungu, zenye harufu nzuri. Alituambia tununue kidogo kidogo na kusaga ya kupika siku hiyo tu. Mama alipunguza mpaka akafikia kikombe kimoja kidogo, asubuhi. Machicha akawa anayamwaga kila akimaliza kupika.

Usingizi ulirudi. Mapigo ya moyo yakatulia. Zahanati walimpima tena, wakamwambia aendelee hivyo hivyo.

Asubuhi moja nilimkuta amekitandaza kile kitambaa cheupe. Mkasi ulikuwa mkononi, na mkono ulikuwa umetulia.

"Shika pembe hiyo."

"Si ulisema umefika mwisho? Cherehani si yangu?"

"Nilisema lini?" alijibu, mkasi ukiwa tayari umeingia kwenye kitambaa. "Vuta, usinipotezee mstari."