Maneno Kumi ya Nyanya Syombua

Ilikuwa mwaka wa 1976, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la Voi lilipokuwa likiingia hata ndani ya sufuria. Kila alfajiri Katuku aliteka maji, akampelekea nyanyake mgonjwa uji, kisha akaenda shuleni.

Siku moja Mwalimu Crispus alifundisha habari za Waaleuti, wenyeji wa visiwa vya mbali kaskazini, penye ukungu mwingi na pasipoota miti.

"Waliwinda baharini kwa mitumbwi ya ngozi," alisema. "Lakini watoto wao walikatazwa kusema lugha yao shuleni. Leo waijuao vyema ni wazee wachache. Kila mmoja wenu amwendee mzee wake, alete maneno kumi ya lugha ya kwao asiyoyajua."

Jioni, Nyanya Syombua alipapasa ukingo wa kitanda. "Keti, mjukuu wangu, nikuambie."

"Kesho, Nyanya," Katuku alijibu, akaenda kucheza. Usiku akayabuni yote kumi daftarini, na asubuhi akampa mwalimu kana kwamba ni ya nyanyake.

Ijumaa nyanya alifariki. Katuku hakulia. Alipika chai ya waombolezaji, akaosha vikombe, akapika tena chai, kana kwamba mikono ilikuwa ya mtu mwingine.

Mazishini, Mwalimu Crispus alifunua daftari. "Marehemu alituachia zawadi," akasema, akayasoma maneno yale. Wazee wakatazamana.

"Katuku, hicho ni Kialeuti?" mwanafunzi mwenzake Mbuvi alinong'ona.

Nyanya Ndulu, mdogo wa marehemu, akasema taratibu, "Mwalimu, hayo si maneno ya dada yangu. Si ya mtu yeyote."

Katuku alisimama. "Niliyatunga mimi. Aliniita, nikamwambia kesho." Hata hapo machozi hayakuja.

Watu walipotawanyika, alimwendea Nyanya Ndulu kuomba radhi.

"Sikuchapi," bibi huyo alisema. "Sikiliza. Uvivu ulikunyima maneno, na uongo ukamtia marehemu kinywani asiyoyasema. Mzee hangoji kesho ya mtoto. Unadaiwa kumi. Chukua kalamu, uketi."

Katuku aliketi. Alirudi siku iliyofuata, na nyingine, hata wiki ikaisha: majina ya nyuki, ya mawingu, ya nyasi za kuezekea, yote aliyoyajua Syombua tangu utotoni.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa, akakiri kosa lake, akayasoma maneno kumi ya kweli, moja baada ya jingine. Akafika la kumi. Akalia, kisha akalimaliza.