Kuku Wasioijua Ardhi

Kila asubuhi huko Mururu, Patricie hufagia ua kabla ukungu haujaondoka mtoni. Ng'ambo ya mto ni Kongo, alikolelewa. Upande huu ni kwa mama mkwe wake, Nyiransabimana, anayemwita Mabukwe. Mume wa Patricie alifariki. Wakabaki wajane wawili, binti mdogo Mutoni, na kuku wa kienyeji wa Mabukwe, ambao bibi huyo aliwapenda kama mboni za macho yake.

Patricie alifanya usafi katika shamba la kuku wa mayai. Kuku wa huko walifungwa ndani ya vizimba vya waya, wamebanana ubavu kwa ubavu. Wakipunguza kutaga, wanachinjwa. Siku ya kuchinja, Patricie aliomba watano, akapewa. Akawaleta nyumbani ndani ya kapu. Shingo zao zilikuwa tupu, hazina manyoya. Alipowaweka chini hawakutembea. Walisimama wakiutazama udongo kama mtu anayetazama maji ya kina.

Mabukwe alisema wafungiwe kwanza peke yao. Patricie akakataa. Hakutaja sababu, lakini wote wawili waliijua. Alipokuja kutoka Kongo akiwa bibi harusi, aliwekwa ale jikoni peke yake, nyuma ya ukuta. Watu wa nyumba walisema hawajui amekuja na nini. Tangu hapo aliapa kwamba mgeni wake hatatengwa.

Basi akafungua banda mchana, kuku wenyeji wakila, akawaingiza wote watano.

Lo, kuku ni kuku. Wenyeji waliwazunguka wageni, wakawadonoa. Wageni hawakujua kukimbia, maana kizimbani hakuna pa kukimbilia. Damu ikatoka. Na kuku akiona damu, hudonoa palepale. Kabla ya jioni mgeni mmoja alikuwa amekufa.

Hayakuishia hapo. Baada ya siku chache, tetea mweusi wa Mabukwe, mzee kuliko wote, alianza kukohoa. Akafa. Mwingine akafuata.

Mabukwe aliwafukia chini kabisa, nyuma ya migomba. Hakulia.

"Patricie," alisema kwa Kiswahili cha mpakani, "nilikuwa na mwana, akaenda. Nilibaki na kuku. Bageni bako bakibamaliza, mimi na wewe tutakaa pamoja juu ya nini?"

Patricie aliingia ndani, akaanza kufunga nguo zake na za Mutoni kwenye kitenge.

Siku ileile akaja Zulaikha, mama wa mjini Kamembe anayenunua mayai milimani. Yeye mwenyewe amefuga kuku miaka mingi, na hapiti nyumba bila kutega kitendawili.

"Sakwe sakwe," akaita mlangoni.

Mutoni peke yake ndiye aliyeitika: "Soma."

"Iko na mabawa, hairuki. Iko na makucha, haijachakura. Iko na miguu, ardhi haiijui."

Mutoni akanyoosha kidole kwenye kona ya banda, walikojikunyata wageni wanne.

Zulaikha hakucheka. Aliwashika mmoja mmoja, akatazama macho, pua na chini ya mabawa. Kisha akauliza nani aliwachanganya.

"Ni mimi, Maman Zulaikha. Sikutaka kubatenga," alisema Patricie, akitoka ndani.

"Ulibapenda vibaya, Maman Mutoni. Kuku anaweza kubeba ugonjwa na anaonekana muzima. Kwanza anakaa mbali, na maji yake, na chakula chake, majuma tatu ao ine. Na hawa wenye kukohoa, leo leo tuite veterineri."

"Sasa hiyo si kizimba kingine?"

"Hapana. Kisha unabaleta karibu, waya katikati. Banaonana. Banakula pamoja, kila mumoja upande wake. Ukuta unaficha muntu. Waya unamuzoeza."

Mabukwe alikuwa akichambua maharage. Mikono yake ikasimama.

Veterineri, daktari wa mifugo, alikuja, akatibu wagonjwa, akachanja wazima aliosema wachanjwe. Patricie aliwajengea wageni kibanda mbali; kitenge cha nguo kikabaki kimefungwa nyuma ya mlango. Aliwaosha vidonda kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Aliwapa chakula kilekile walichozoea kizimbani, akakichanganya kidogo kidogo na cha nyumbani. Hata hivyo mmoja hakupona. Alikuwa amechoka tangu kizimbani. Wakabaki watatu.

Majuma yalipopita bila kikohozi, wakaletwa karibu, waya katikati. Mwanzoni wenyeji waliurukia waya. Baadaye wakauzoea, wakawa wanalala jua kando yake.

Ndipo jioni moja, wenyeji wamekwisha kupanda kwenye fito zao za kulalia, Patricie aliwaweka wageni watatu kando yao, wote kwa pamoja. Zulaikha alikuwa amemwonya: mmoja peke yake ataonewa. Asubuhi aliweka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, mbalimbali, na matawi ya kujificha. Walidonoana, lakini damu haikutoka.

Mvua ilipoanza, mgeni mmoja aliinama, akachakura udongo. Siku nyingine akataga.

Mabukwe alilichemsha yai hilo. Akachukua kigoda chake, akaingia jikoni, akakaa mahali palepale Patricie alipokuwa akila peke yake.

"Wewe tulikuweka nyuma ya ukuta," alisema. "Hatukujua waya."

Patricie alimenya yai. Akalikata vipande vitatu, akamwita Mutoni. Kisha akaenda kukifungua kile kitenge cha nguo.